Bakapu iliyoamka kabla ya mwenye simu: kisa cha simu iliyokwama baada ya sasisho

Simu ilikuwa imekwama kwenye skrini nyeusi ya rikavari, hali ya kuiokoa simu inapogoma kuwaka. Maandishi yalisema mfumo wa Android umeshindwa kupakiwa na huenda data imeharibika, kisha yakatoa njia mbili: kujaribu tena, au kufuta kila kitu na kuanza upya. Mwenye simu alikuwa amejaribu tena mpaka amechoka. Swali lake kwangu lilikuwa fupi: abonyeze lile la pili yaishe? Si ana bakapu za kila usiku.

Nilimwomba asiguse kitu. Skrini ile hujitokeza mfumo unaposhindwa kuifungua sehemu ya data, na kushindwa huko kuna sababu kadhaa ambazo haziharibu hata faili moja. Kama angebonyeza, data ingefutika kweli. Na kama tulivyokuja kugundua baadaye, bakapu zake zisingemfaa kitu. Simu kukwama na bakapu kuwa na mapengo yalionekana mambo mawili yasiyohusiana, kumbe yote yalitoka mahali pamoja: programu ya kuhifadhi nakala ilipewa kazi ya kufanya wakati simu inawaka, muda ambao haikuwa na haki ya kuandika wala uwezo wa kusoma.

Simu yenyewe na vilivyokuwa ndani yake

Ni simu ya Android yenye sloti mbili, yaani nafasi mbili za kuweka mfumo, A na B. Mpango wa sloti ulikuja na Android 7.0 mwaka 2016: sasisho huandikwa kwenye sloti iliyolala huku wewe unaendelea kutumia simu, na ukiwasha upya unaingia upande mpya. Sehemu ya data ni moja tu, na pande zote mbili huitumia. Hilo litakuja kuwa muhimu.

Butiloda, yaani programu inayoamka kabla ya mfumo na kuupakia, ilikuwa imefunguliwa, na simu imerutiwa, yaani imefunguliwa haki za juu kabisa za mfumo, kwa Magisk. Magisk, kazi aliyoianzisha John Wu mwaka 2016, haigusi patisheni (kipande cha hifadhi) ya mfumo. Hubadilisha patisheni ya boot, ile yenye kerneli (kiini cha mfumo) na faili za mwanzo za kuwasha simu, na vitu vyake vingine karibu vyote huvitunza kwenye /data/adb. Simu zilizotoka kiwandani zikiwa na Android 13 au zaidi kwa kawaida huwa na patisheni nyingine kwa kazi hiyo, init_boot. Hii ilikuwa ya zamani kidogo, kwa hiyo shughuli yote ilikuwa kwenye boot.

Juu ya Magisk kulikuwa na moduli, yaani programu ya nyongeza, ya kuhifadhi nakala. Jina lake naliacha, maana tabia zake nimeziona kwenye skripti nyingi za namna hiyo. Mwenye simu aliichagua kwa sababu inayoeleweka: bakapu ya kawaida ya Android, iliyoanza na toleo la 6.0, huishia MB 25 kwa kila programu, na mtengenezaji wa programu anaweza kuikataa kabisa. Moduli hii hutumia ruti kuchukua folda nzima ya data ya kila programu, huifunga kwenye faili la tar (kifurushi cha faili nyingi) pamoja na APK, faili la kusakinishia programu, kisha hulituma kwa Wi-Fi kwenda kwenye kompyuta. Kompyuta hubakiza nakala tano za mwisho na kufuta zilizotangulia.

Ilikuwa na mipangilio miwili iliyowashwa ambayo ndiyo kisa chenyewe. Wa kwanza: fanya bakapu kila simu inapowaka. Wa pili ulikuwa ulinzi wa boot: tunza nakala ya patisheni ya boot, na kila simu ikiwaka linganisha, ukikuta imebadilika, rudisha ile iliyotunzwa. Nia yake ilikuwa kwamba sasisho la mfumo likifuta ruti, moduli iirudishe yenyewe bila mtu kusumbuka. Kwenye mipangilio ya simu, nako, mwenyewe alikuwa ameweka ijizime na kujiwasha kila usiku. Yaani usiku simu inajiwasha, bakapu inafanyika, asubuhi kila kitu shwari. Kwa maelezo ulikuwa mpango mzuri sana.

Jioni hadi asubuhi

Sasisho lilishuka jioni. Mwenye simu si mgeni wa mambo haya, na alifuata utaratibu wa Magisk inavyotakiwa: alirudisha boot ya asili kwanza, akaacha sasisho lijisakinishe kwenye sloti B, kisha kabla ya kuwasha upya akarudi kwenye Magisk na kuchagua kusakinisha kwenye sloti isiyotumika. Akawasha. Simu ikaamka na toleo jipya, ruti ipo, programu zote zipo. Akaongeza moduli ndogo ya fonti aliyokuwa akiitamani, akaenda kulala. Asubuhi akakuta skrini nyeusi.

Watuhumiwa wake walikuwa wawili, sasisho na fonti. Sasisho kwa kuwa ndilo kubwa, fonti kwa kuwa ndiyo ya mwisho. Moduli ya bakapu hakuitaja kabisa mpaka nilipomuuliza orodha ya vyote vilivyomo, kwa sababu yeye aliihesabu upande wa kinga. Hapa ndipo wengi hupotea. Tunapotafuta kilichoharibu simu tunaangalia kilichoingia karibuni, na chombo kilichokaa kimya kwa muda mrefu hakihojiwi.

Fonti niliiondoa kwenye orodha haraka. Moduli ya Magisk haianzi kazi mpaka /data ifunguke, kwa kuwa yenyewe inaishi humo. Simu hii ilikuwa inakwama kabla ya hapo. Moduli mbovu kwa kawaida hukuacha kwenye nembo inayozunguka bila mwisho, na dawa yake inajulikana: unawasha kwa hali salama, au unatuma kwa kompyuta

adb wait-for-device shell magisk --remove-modules

amri inayong'oa moduli zote na kuwasha upya. Ni dawa kali isiyochagua, ila hufanya kazi pale simu inapofika hatua hiyo na kompyuta ikiwa imeshakubaliwa na simu. Yetu haikufika.

Ushauri wa kurudi sloti A

Rafiki yake alikuwa tayari amemshauri arudi upande wa zamani kwa amri moja ya fastboot, chombo cha kompyuta kinachozungumza na butiloda. Ushauri huo umeandikwa kila mahali, na kwenye kisa hiki ungekuwa kuchezea shilingi chooni. Inafaa nieleze kwa nini, kwa sababu ndani ya maelezo hayo ndimo jibu lilimojificha.

Data kwenye simu za sasa imesimbwa. Funguo zinazoifungua hazikai wazi kwenye diski; zimefungwa kwa ufunguo mwingine unaotunzwa katika eneo salama la prosesa. Ufunguo huo umefungamanishwa na toleo la mfumo pamoja na tarehe ya kiraka cha usalama. Mfumo ukipanda toleo, funguo nazo hupandishwa. Zikishapandishwa, mfumo wenye tarehe ya nyuma ukiomba kuzitumia hukataliwa. Makusudi yake ni kumzuia mwizi asiirudishe simu kwenye toleo la zamani lenye matundu ili aingie kupitia humo. Eneo salama hujua tarehe hiyo kwa kuambiwa na butiloda, na butiloda huisoma kwenye taarifa zinazoambatana na faili la boot.

Kwa hiyo simu iliyokwisha kuwaka vizuri na toleo jipya, kisha ikarudishwa sloti ya zamani, inaweza kugoma kufungua data yake yenyewe. Juu ya hayo, simu zilizotoka na Android 11 na kuendelea nyingi hutumia sloti pepe: toleo jipya hutunzwa kama tofauti tu juu ya mfumo wa zamani, na likishawaka salama tofauti hizo huunganishwa na upande wa zamani hutoweka. Unaamuru simu irudi mahali ambapo hapapo tena.

Sasa soma tena aya ya kabla ya hiyo, ukijua kwamba simu ilikuwa bado iko sloti B, upande mpya. Niliuliza kwa

fastboot getvar current-slot

ikajibu b. Mfumo ulikuwa mpya, sloti ilikuwa sahihi, na bado dalili zilikuwa zile zile za funguo kukataliwa na toleo la nyuma. Kitu kimoja tu kingeweza kuleta hali hiyo: faili la boot kwenye sloti B halikuwa la toleo jipya.

Jaribio lisiloandika kitu

Dhana ya namna hii hupimwa bila kuandika chochote kwenye simu. Tulipakua kifurushi kamili cha toleo lile lile jipya kutoka kwa mtengenezaji, tukatoa faili la boot ndani ya payload.bin, faili linalobeba sasisho lote, kisha

fastboot boot boot.img

Amri hii hulipakia faili kwenye memori na kuiwasha simu kwa hilo mara moja tu. Patisheni haiguswi. Kuna watengenezaji walioizima kwenye simu zao, na hapo utalazimika kuandika kwa fastboot flash, lakini inapokubali ni bora ianze yenyewe. Simu ikawaka. Ikaomba PIN. Picha, ujumbe, programu, vyote vilikuwa pale pale.

Mwenyewe alitaka kuendelea na maisha papo hapo. Lakini simu ilikuwa imesimama kwa faili lililoazimwa. Ikizima tu, inarudi kwenye skrini nyeusi. Jambo la kwanza lilikuwa kuzima ile ratiba ya kujiwasha usiku. La pili, kunakili picha na nyaraka kwenda kwenye kompyuta kwa kebo, kwa mkono, bila kuitegemea bakapu yoyote. Ndipo tukaanza kutafuta nani aliandika boot ya zamani kwenye sloti B.

Mkono uliorudisha boot

Kuangalia ndani ya /data/adb kunahitaji ruti, na simu iliyowaka na boot ya asili haina ruti. Tulilirekebisha lile faili jipya la boot kwa programu ya Magisk, tukapata faili lililorekebishwa, nalo tukaliwasha kwa fastboot boot vile vile, bila kuliandika.

Kwa nini bila kuliandika? Kwa sababu ruti ikirudi, moduli zote zinarudi kazini, pamoja na ile ya bakapu. Kama dhana ilikuwa kweli, tungeandika boot sahihi, simu ingewaka, moduli ingeona boot imebadilika, ingeirudisha ile ya zamani kimyakimya, na kuwasha kunakofuata tungekuwa tumerudi pale pale tukidhani Magisk ndiyo mbovu. Kwa kuwasha kwa muda, moduli ilikuta patisheni ina kile kile ilichokitunza, ikaridhika, ikakaa kimya.

Kilichobaki kilikuwa kulinganisha hashi, alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili:

sha256sum /dev/block/by-name/boot_b

pamoja na lile faili la boot lililotunzwa ndani ya folda ya moduli. Zilifanana herufi kwa herufi. Tarehe ya faili lililotunzwa ilikuwa ya kabla ya sasisho.

Mfuatano ukawa wazi. Jioni Magisk iliandika boot mpya iliyorekebishwa kwenye sloti B. Simu ikawaka nayo, funguo za data zikapandishwa. Muda mfupi baada ya kuwaka, skripti ya moduli ililinganisha, ikakuta tofauti, ikaandika boot ya zamani juu ya ile mpya. Simu haikuonyesha chochote, kwa kuwa kerneli iliyokuwa ikifanya kazi ilishapakiwa kwenye memori zamani. Kubadilisha patisheni hakumgusi aliyekwisha amka. Jioni nzima ilienda vizuri juu ya boot ambayo haikuwepo tena kwenye diski. Usiku simu ikajiwasha upya, ikasoma boot ya zamani, eneo salama likakataa funguo, na mfumo ukaangukia rikavari kuuliza kama ufute data.

Utajiuliza kwa nini simu haikurudi sloti A yenyewe, kama sloti zinavyoahidi. Sloti mpya hupewa idadi ya majaribio, na butiloda huyahesabu mpaka mfumo uwake salama na sloti itiwe alama ya kufaulu. Alama hiyo ilishawekwa jioni. Baada ya hapo, kwa kawaida, butiloda haihesabu tena wala haina sababu ya kuhama. Nadhani ilikuwa bahati, ukizingatia yaliyosemwa hapo juu kuhusu kurudi A.

Katika hali nyingine ugomvi huu huu huleta sura tofauti. Kerneli ya zamani ikikutana na moduli za kerneli za toleo jipya, simu inaweza kuwaka vizuri ila Wi-Fi haishiki au sauti haitoki, na dmesg, logi ya kerneli, imejaa malalamiko kwamba matoleo ya alama hayapatani. Mtu atabadilisha mipangilio ya mtandao mpaka kesho. Amri ya uname -r, ukiilinganisha na toleo la kerneli linaloonyeshwa kwa kifurushi cha sasisho, humaliza ubishi kwa dakika.

Kurudisha, kwa mpangilio wake

Tuliizima moduli ya bakapu kwenye programu ya Magisk, na kwa uhakika tukaweka faili tupu liitwalo disable ndani ya folda yake, kisha tukalitoa nje ya simu lile faili la boot lililotunzwa. Baada ya hapo tukaingia butiloda na kuandika:

fastboot flash boot_b magisk_patched.img

Nilimzuia asitumie chaguo la kusakinisha moja kwa moja ndani ya Magisk, ingawa ni rahisi na halihitaji kebo. Chaguo lile husoma kilichomo kwenye patisheni, hukirekebisha na kukiandika tena. Kilichomo kilikuwa boot ya zamani. Lingempa boot ya zamani iliyorekebishwa kwa ustadi mkubwa.

Simu ikawaka, tukaiwasha upya, ikawaka tena. Kuwasha mara ya pili ndiko kipimo hapa, maana kisa chote kilijificha katikati ya kuwasha kwa kwanza na kwa pili.

Bakapu zilizojaa na zisizo na kitu

Hapo wengi wangefunga kazi. Mwenyewe alisema: si kitu, hata ingekuwa mbaya, bakapu zipo, tazama ukubwa wake. Akanionyesha folda kwenye kompyuta. Kila programu ilikuwa na nakala zake tano, nyingine zenye makumi ya MB. Nikamwomba tufungue moja:

tar -tf

Ndani kulikuwa na APK. Kulikuwa pia na folda ndogo kutoka /data/user_de/0. Folda ya /data/user/0, ile yenye ujumbe, akaunti, madokezo na mipangilio, haikuwemo. Tukafungua ya programu nyingine, hali ile ile. Tano zote.

Sababu yake ni ya kiufundi lakini si ngumu. Usimbaji wa faili, ulioanza na Android 7.0 na kuwa lazima kwa simu zinazotoka na Android 10, hugawa data mafungu mawili. Fungu moja hufunguka simu inapowaka tu, ili kengele ilie na simu ipigike kabla hujaweka PIN. Hilo ndilo user_de. Fungu la pili, ambalo ndilo data yenyewe ya mtumiaji, halifunguki mpaka PIN iwekwe kwa mara ya kwanza baada ya kuwasha. Kabla ya hapo hata ruti haisaidii. Ukiorodhesha folda utaona majina yaliyovurugwa, na ukiomba folda kwa jina lake halisi utaambiwa haipo.

Skripti ilikuwa inasubiri mfumo uwake kwa kuangalia sys.boot_completed mpaka iwe 1. Waandishi wengi wa skripti huiamini alama hii. Lakini inawekwa 1 mfumo unapofika kwenye skrini ya kufuli, si mwenyewe anapofungua. Usiku wa manane simu inajiwasha, inafika kwenye kufuli, alama inawekwa, skripti inaanza kazi mwenye simu akiwa usingizini. Orodha ya programu inapatikana, APK zinasomeka, user_de inasomeka, Wi-Fi inashika. Folda ya data haipo, tar inalalamika kwenye logi ambayo hakuna aliyeisoma, na faili linatumwa likiwa na uzito wa APK. Uzito huo ndio uliomdanganya mwenyewe. Programu ya MB 80 ilizaa nakala ya karibu MB 80, na data yake yenyewe ya kilobaiti chache ilikosekana bila pengo kuonekana.

Alipoijaribu mara ya kwanza aliiendesha kwa mkono, mchana, simu ikiwa wazi. Nakala ile ilikuwa kamili. Kisha kanuni ya kubakiza tano za mwisho ikafanya kazi yake: usiku baada ya usiku nakala zenye mapengo zikaisukuma ile nzima mpaka ikafutwa. Ukinilazimisha kuchagua kosa baya zaidi katika kisa hiki, nitachagua hili na si lile la boot. Lile lilipiga kelele asubuhi yake. Hili lingesubiri siku ya msiba.

Mipaka mipya

Tulichofanya hakikuwa kuchagua chombo kimoja na kutupa kingine. Vyote viwili vina kazi; tatizo lilikuwa kugombea sehemu moja na muda mmoja.

Boot tuliiacha mikononi mwa Magisk peke yake. Ulinzi wa boot ulizimwa moja kwa moja. Nakala ya boot ya asili kwa kila toleo inatunzwa kwenye kompyuta, jina la faili likibeba namba kamili ya toleo, na hairudi kwenye simu mpaka mtu aitume kwa mkono wake. Msimamo wangu ni huo kwa simu yoyote: chombo cha bakapu kinachoandika chenyewe bila kuombwa kimeshaacha kuwa bakapu. Folda ya /data/adb nayo iliondolewa kwenye orodha ya vinavyohifadhiwa na kurejeshwa, maana kurejesha /data/adb ya jana juu ya boot ya leo ni kuanzisha ugomvi upya kwa mlango wa nyuma.

Muda wa bakapu ulihamishwa baada ya PIN. Kwa skripti, njia nyepesi ni kusubiri folda ambayo jina lake halisomeki kabla ya kufunguliwa:

until [ -d /sdcard/Android ]; do sleep 5; done

Kwa anayetumia programu ya kawaida badala ya skripti, mfumo wenyewe hutofautisha matangazo mawili, LOCKED_BOOT_COMPLETED linalotoka kabla ya kufunguliwa na BOOT_COMPLETED linalotoka baada yake. Programu ya bakapu inapaswa kulisikiliza la pili. Ratiba ya kujiwasha usiku alitaka kuirudisha. Sikuona ubaya, mradi bakapu isifungwe nayo: sasa inafanyika jioni simu ikiwa kwenye chaji.

Kanuni ya kufuta pia ilibadilika. Nakala ya zamani haifutwi mpaka ile mpya ikaguliwe kwamba ndani yake kuna njia ya data/user/0 ya programu husika. Ni mstari mmoja wa tar -tf na grep kwenye kompyuta.

Jaribio la kuthibitisha lilikuwa la subira tu. Tuliwasha simu upya tukaiacha kwenye kufuli, tukatazama folda ya kompyuta: hakuna kilichoingia. Tukaweka PIN, muda ulipofika nakala zikaingia, tukazifungua, data imo. Hashi ya boot_b kabla na baada ilikuwa ile ile. Kisha tukarejesha programu moja ya madokezo iliyofutwa makusudi. Moduli iliirudisha pamoja na namba mpya ya mtumiaji ambayo mfumo uliipa programu iliposakinishwa tena, ikasahihisha lebo za SELinux (ulinzi wa mfumo unaoamua nani aguse faili gani), na madokezo yakafunguka. Programu ya kuthibitisha akaunti haikufunguka: data yake ilirudi, lakini ufunguo wake uliozaliwa ndani ya eneo salama hautoki humo kwa nakala ya aina yoyote. Kwa programu za namna hiyo aliingia kila akaunti na kuchukua misimbo ya dharura.

Sasisho lililofuata alilisakinisha kwa utaratibu ule ule wa zamani, na nyongeza mbili. Kabla ya kuanza alizima moduli zote, na baada ya kuwaka alichukua hashi ya boot, akawasha upya, akaichukua tena. Zilikuwa sawa, akawasha moduli moja baada ya nyingine. Ya fonti aliiwasha mwisho. Ilikuwa haina hatia tangu mwanzo.